Mapembe ya Mombasa: Namna ya Kulisoma Tao Katika Picha ya Zamani

Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa Ghuba hukosi picha ya Mombasa yenye Mapembe ya Ndovu. Mtu amesimama chini yake, kanzu imenyooka, na nyuma magari yanapita. Watoto huuliza: mapembe haya yaliwekwa kwa nini?

Lile ni tao la ushindi. Desturi yake ni ya Warumi wa kale: jemadari aliyeshinda vita alijengewa mlango mkubwa juu ya njia, ili kila apitaye chini yake akumbuke ni nani mwenye nguvu. Waingereza nao wakawapambia matao wageni wao wa kifalme katika miji waliyoitawala.

Ya Mombasa yalisimamishwa mwaka 1952, Barabara ya Kilindini, kumngojea Binti Mfalme Elizabeth. Wengi husema alipita chini yake. Safari ile hakupita. Alikuwa bado bara ya Kenya baba yake alipofariki tarehe 6 Februari. Akarudi London kwa ndege kupitia Entebbe, na meli Gothic iliyokuwa ikimngoja bandarini Mombasa ikamkosa. Waliopita ni wachukuzi, makarani, wanafunzi, na jamaa zetu wakienda bandarini.

Mwaka 1956 alipokuja mdogo wake, Margaret, barabara ilikwisha kugawanywa ya kwenda na ya kurudi, ikaongezwa jozi ya pili. Ndipo ikaonekana herufi M. Basi shikeni alama hii: picha yenye jozi moja ni ya kabla ya hapo, yenye jozi mbili ni ya baadaye.

Maana ya tao hubadilika. Johannesburg lipo moja lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1910, kuwakumbuka askari wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita na Makaburu. Mwaka 1999 likafanywa kumbukumbu ya wote waliokufa, wa kila rangi. Vivyo hivyo Mombasa: yaliyowekwa kwa ajili ya wafalme leo ni ya wenyeji, na mahali pale huitwa Mapembeni.

Mimi ninayo picha ya jozi moja. Bwana mmoja mrefu ameshika mwavuli. Marehemu mama alimjua, sikumuuliza. Nilikuwa karani miaka mingi, nikitia tarehe kila karatasi, na picha hii nikaiacha tupu.

Chukueni albamu, kaeni na wazee, andikeni nyuma kwa penseli: nani, wapi, lini. Tao litatambuliwa na kila mtu. Aliyesimama chini yake anawategemea nyinyi.