Umeme, Sumaku na Nuru ni Ndugu

Mtoto akituuliza, “Sauti yafikaje redioni pasipo waya?” tusimtishe kwa habari za pepo, wala tusimwambie kwamba maswali ya namna hiyo hayamfai mwamini. Jibu lipo, na baadhi ya hao waliolitafuta walikuwa watu wa sala.

Zamani watu walidhani kwamba umeme na sumaku ni vitu viwili visivyojuana. Mwaka 1820, huko Denmark, mwalimu Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka umeme ulipopita katika waya uliokuwa karibu. Kumbe, umeme huzaa nguvu ya sumaku!

Michael Faraday wa London akawaza: Je, sumaku nayo haiwezi kuzaa umeme? Huyu alikuwa mwana wa mhunzi. Shuleni alisoma kidogo tu, kisha akawekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, naye akavisoma vile alivyovijalidi. Mwaka 1831 aliingiza sumaku ndani ya waya uliokunjwa mizunguko mingi. Sumaku ilipokwenda, umeme ulipita. Ilipotulia, umeme ulikoma. Hata leo mitambo mikubwa izungushwayo kwa maji au mvuke hutoa umeme kwa njia iyo hiyo. Naye Faraday alikuwa mzee katika kanisa lake dogo.

Ndipo James Clerk Maxwell wa Uskoti, naye Mkristo, alipoyaeleza mambo hayo kwa hesabu. Akaona ya kuwa nguvu ya umeme ikibadilika huamsha sumaku, na sumaku ikibadilika huamsha umeme, zikipokezana na kusafiri kama mawimbi. Alipopima mwendo wake kwa hesabu, akaukuta karibu sawa na mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 hivi kwa sekunde moja. Basi mwaka 1865 akatangaza kwamba nuru yenyewe ni mawimbi ya umeme na sumaku. Alikufa mwaka 1879, kabla Heinrich Hertz wa Ujerumani hajayatokeza mawimbi hayo kwa vyombo vyake, mwaka 1888.

Hayo ndiyo mawimbi yaletayo sauti redioni. Ni ndugu za nuru, ila ni marefu zaidi, na macho yetu hayayaoni. Basi mtoto aulizaye asikemewe. Faraday hakuacha kuuliza, wala hakuacha kusali.