Mazingaombwe ni Mchezo, Usiuze Mbuzi Wako



Mfanya mazingaombwe akija kijijini, watu hujaa uwanjani. Anakata kamba, kisha kamba inaonekana nzima. Watoto wanashangilia. Hiyo ni burudani nzuri. Mlipe kiingilio, ucheke, urudi nyumbani.

Lakini wako wengine hawatosheki na kiingilio. Hujigamba kwamba wana nguvu za ajabu na wanaweza kuzidisha noti. Mkulima anauza mbuzi, anawapa fedha zizidishwe. Asubuhi mgeni hayupo, fedha hazipo, na mbuzi hayupo.

Soma kisa hiki. Mwaka 1856 Wafaransa walikuwa wakiitawala Algeria. Serikali yao ilimpeleka huko mfanya mazingaombwe hodari, Robert-Houdin. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wenyeji kwamba Wafaransa wana uwezo kuliko masheikh wao.

Aliweka kisanduku kidogo jukwaani. Akamwita mwanamume mwenye nguvu akiinue. Akakiinua kwa urahisi. Ndipo Robert-Houdin akasema kwamba amemwondolea nguvu zake. Yule mtu akavuta tena kwa mikono miwili. Kisanduku hakikutikisika!

Je, nguvu zake zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Chini ya kisanduku palikuwa na chuma. Chini ya jukwaa palifichwa sumaku ya umeme. Umeme ukipita, sumaku hushika chuma. Umeme ukikatwa, sumaku hukiachia. Basi watu walitishwa kwa umeme, wakaambiwa ni uchawi.

Majigambo kama hayo hupimwaje? Mwaka 1973 huko Marekani, Uri Geller aliitwa kwenye televisheni. Alidai kwamba anapinda vijiko kwa nguvu za akili. Wenye kipindi walileta vitu vyao wenyewe, na hawakumwachia avishike kabla. Alijaribu kwa muda mrefu. Hakufaulu.

Ndugu mkulima, wewe unajua kupima. Ukipewa mbegu mpya, hupandi shamba zima. Unapanda kipande kidogo, unaangalia. Mwenye majigambo naye apimwe hivyo hivyo:

1. Atumie vitu vyenu, si vyake.

2. Mahali na saa mchague ninyi.

3. Usimpe fedha, hata kidogo. Tapeli anaweza kukurudishia zaidi mara ya kwanza, ili kesho umletee zote.

4. Jiulize: kama anaweza kuzidisha noti, kwa nini anazitaka zako?

Akikasirika, au akisema nguvu zake hazipendi kupimwa, umekwisha kupata jibu. Usimpige. Mpeleke habari zake kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, na uwaonye majirani mapema.

Debe tupu haliachi kuvuma. Mfanya mazingaombwe mwaminifu hasemi ana nguvu za ajabu. Anasema ana mikono myepesi, na amejifunza kwa miaka mingi. Huyo mpigie makofi. Mwenye kujigamba mpime kwanza.