Kompyuta Yako Ina Fundi Ndani Yake

Ndugu wakazi wa Bujumbura, kompyuta hubeba picha za familia, hesabu za biashara na nakala za karangamuntu. Ndiyo maana twawaasa msiikabidhi kwa mtu msiyemfahamu kabla ya kuichunguza wenyewe.

Ndani ya Windows zimo zana za uchunguzi zisizoonekana kwa urahisi. Kwanza, nakilini mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Kisha bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi R, mwandike perfmon /rel: itatokea chati inayoonyesha, siku kwa siku, ni programu gani iliyokwama. Hapo hapo, mdsched huiwasha kompyuta upya na kuipima kumbukumbu yake. Katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, sfc /scannow hukagua mafaili ya mfumo na kurekebisha yaliyoharibika. Chkdsk C: hukagua diski bila kubadili kitu.

Lakini zana hizi hutumiwa pia na matapeli. Hupiga simu, humwelekeza mtu aandike eventvwr, kisha humtisha kwa alama nyekundu zinazojitokeza na kudai malipo. Alama hizo huwamo hata katika kompyuta nzima.

Basi amri inayosomwa na mgeni kwenye simu msiiandike kamwe. Akidai fedha au nywila, kateni simu, hifadhini namba yake, mje nayo katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kwetu namba hiyo ni mwanzo wa upelelezi.