Injini Isiyowaka Baada ya Kubadilishwa Cheni: Mfano wa Kufundishia Uchunguzi

Mwalimu wa shule ya msingi anapofundisha mada ya mashine, aghalabu huanza na nyenzo, roda na mteremko, kisha huishia hapo hapo. Hatuulaumu mpango huo, kwa kuwa mambo hayo ndiyo msingi. Lakini mtoto wa Mpanda hupita kando ya gereji kila aendapo shuleni, naye huwasikia mafundi wakibishana juu ya gari lililogoma. Anaingia darasani akiwa na maswali ambayo mwalimu hayagusi. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanachuo jinsi kasoro moja ya gereji inavyoweza kufundishia jambo gumu kuliko mashine yenyewe, yaani namna ya kuuliza kwa mpango kabla ya kutenda. Kasoro tuliyoichagua ni ya injini iliyobadilishwa cheni ya taimingi, ikafungwa vizuri kwa macho, kisha ikakataa kuwaka.

Tumeichagua kwa sababu haitoki mbali. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ilifikiwa na reli ya kutoka Kaliua mwaka 1950, na reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Leo sehemu kubwa ya safari za watu ni ya magari, yakiwamo magari madogo ya Toyota kama Probox na IST, ambayo injini zake hutumia cheni. Oili ikikaa mno bila kubadilishwa, cheni hulika na kulegea, nayo hatimaye hubidi itolewe. Kipuri kikikosekana mjini huagizwa kutoka mbali, na mwenye gari hukaa siku kadhaa bila riziki. Kwa hiyo kosa la pili juu ya kosa la kwanza huwa ghali sana, na wanafunzi huliona hilo upesi wakielezwa.

Kwanza mwalimu mwenyewe hana budi kuelewa kazi ya cheni. Ndani ya injini ya petroli pistoni hufanya safari nne, yaani kuvuta hewa na mafuta, kuubana mchanganyiko huo, kusukumwa na moto, na kutoa moshi. Pistoni zimeshikamana na mhimili wa chini uitwao krenki. Milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi, yaani valvu, hufunguliwa na mhimili wa juu uitwao kemshafti. Safari nne za pistoni ni mizunguko miwili ya krenki, lakini kila valvu yapaswa kufunguka mara moja tu katika muda huo. Ndiyo maana gurudumu la kemshafti lina meno mara mbili ya lile la krenki, na cheni hulizungusha kwa nusu ya mwendo. Mwalimu akilishika vyema jambo hili moja, yaliyobaki hayatamsumbua.

Zana ya kufundishia yaweza kutengenezwa kwa mbao nyembamba. Kata duara mbili, ya kwanza yenye kipenyo cha sentimita 10 na ya pili sentimita 20. Pigilia misumari 10 kuzunguka ukingo wa ile ndogo na 20 kuzunguka ile kubwa, kwa nafasi zilizo sawa, ambazo zitakuwa sentimita 3 na ushei. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, utoboe matundu kwa nafasi hizo hizo, na uunganishe ncha zake. Hiyo ndiyo cheni. Igawe duara kubwa katika robo nne, kila moja kwa rangi yake, uandike safari nne kwa taratibu. Juu ya duara ndogo chora mshale wa kuonyesha pistoni ikiwa juu kabisa. Anza na uzi mtupu badala ya ukanda wenye matundu. Wanafunzi wakizungusha mara kumi wataona alama zimeachana, kwa kuwa uzi huteleza. Kisha weka ukanda, nao hautahitaji kuelezwa kwa nini injini ina meno.

Sasa mwalimu aufungue ukanda na kuurudisha ukiwa umeruka msumari mmoja. Duara kubwa imepotoka kwa digrii ngapi? Darasa la Sita litagawa 360 kwa 20 na kupata 18. Na duara ndogo je? Gawa 360 kwa 10 upate 36. Katika injini yenye meno 40 juu na 20 chini, kuruka jino moja ni digrii 9 za kemshafti na digrii 18 za krenki. Huo si upotofu mdogo. Valvu iliyopaswa kuwa imefungwa bado iko wazi, hewa inaponyoka wakati wa kubanwa, na moto haupati cha kuchoma. Jino moja laweza kuiacha injini ikiwaka kwa shida na kutetemeka. Mawili au matatu huizuia kabisa.

Hapa ndipo penye hatari ambayo mwalimu asiipite kwa haraka. Katika injini nyingi za siku hizi, pistoni ikifika juu na valvu ikashuka hutumia nafasi ile ile, ila kwa nyakati tofauti. Cheni ndiyo inayozitenganisha. Ikiwa imefungwa vibaya, na mtu akapiga stata ili “kujaribu”, pistoni huweza kuigonga valvu na kuipinda, na kazi ya saa chache ikageuka kuwa ya kufungua silinda hedi nzima. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu hutoa plagi ili injini iwe nyepesi, huweka spana kwenye boliti ya puli ya krenki, na kuizungusha kwa mkono, kuelekea upande injini inakozunguka, mizunguko miwili kamili. Akihisi kitu kigumu kimemzuia, huacha hapo hapo, halazimishi. Asipozuiwa, huangalia kama alama za magurudumu yote mawili zimerudi mahali pake.

Namna ya kulifikisha jambo hili darasani ndiyo kiini cha makala yetu. Tumeona walimu wakiandika ubaoni orodha ya mambo ya kukagua: betri, mafuta, plagi, waya. Wanafunzi huinakili, huikariri, nao katika mtihani huitapika kwa utaratibu wowote. Hiyo si elimu ya uchunguzi. Sisi tunapendekeza mwalimu mwenyewe awe gari. Awaambie wanafunzi: “Mimi ni gari lililotoka kubadilishwa cheni. Siwaki. Niulizeni.” Awe ameandika kwenye karatasi, kabla ya kipindi, kasoro aliyo nayo, na karatasi hiyo aikunje mfukoni asije akabadili nia katikati. Kila swali hutozwa mstari mmoja wa chaki, maana muda wa fundi ni fedha. Na mwanafunzi atakayesema “piga stata” kabla ya yeyote kuomba injini izungushwe kwa mkono, mchezo huishia kwake: valvu zimepinda, na darasa linaanza upya na gari jingine. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayokaa moyoni kama hasara hiyo ya chaki.

Swali la kwanza la maana ni lile linalotazama nyuma: ni vitu gani vilivyoguswa? Gari lilifika gereji likiwaka. Kilichoharibika kati ya kufika na sasa kimo, kwa uwezekano mkubwa, miongoni mwa vilivyofunguliwa. Watoto huruka jambo hili na kuanza kulaumu mafuta. Mwalimu asiwasahihishe kwa maneno. Awatoze mistari mitatu hivi hata wajiulize wenyewe.

Baada ya alama kuthibitishwa, stata yaweza kupigwa, na hapo sikio ndilo linalofundisha. Ikiwa stata haizungushi kitu, mashaka ni juu ya betri au waya wake wa hasi ambao ulifunguliwa kazi ilipoanza na pengine haukukazwa. Injini iliyo nzima huzunguka kwa mapigo, kwa kuwa kila pistoni inapobana hewa huilemea stata kidogo. Injini ikizunguka kwa mlio mmoja mwepesi usio na mapigo, hewa haibanwi: ama taimingi imepotoka, ama valvu zimekwisha pinda. Mwalimu awapigie wanafunzi mapigo hayo mezani kwa kiganja, kwanza yenye mkazo kisha yasiyo na mkazo, na awaache waseme tofauti ni nini.

Injini ikikohoa na kurudisha moto kwenye kabureta, jambo linalotokea katika magari ya zamani yenye distribyuta, irudiwe zana yetu ya mbao. Wanafunzi wauelekeze mshale wa duara ndogo juu. Wazungushe mara moja. Mshale uko juu tena, lakini duara kubwa iko upande mwingine kabisa. Mara ya kwanza pistoni ilikuwa imemaliza kubana, mara ya pili imemaliza kutoa moshi. Alama ya krenki peke yake haisemi ni ipi. Distribyuta ikirudishwa katika zamu isiyo yake, cheche huja mlango wa hewa ukianza kufunguka, na moto hutoroka kwa njia ya kuingilia. Magari mapya hayana distribyuta. Badala yake yana vihisio vinavyoiarifu kompyuta ya gari mahali krenki na kemshafti zilipo, na mara nyingi vihisio hivyo hukaa karibu na kifuniko kinachofunguliwa ili kuifikia cheni. Plagi ya waya wake ikisahauliwa, injini huzunguka kwa mapigo mazuri lakini haitoi hata kikohozi.

Liko jambo jingine linalowachanganya hata mafundi chipukizi, nalo ni zawadi kwa mwalimu wa Hisabati. Cheni mpya huwa na pingili zilizopakwa rangi ili zilinganishwe na alama za magurudumu wakati wa kufunga. Baada ya kuzungusha mara mbili, alama za magurudumu hurudi lakini pingili za rangi hazirudi, na mtu hudhani amekosea. Tuchukue mfano wa cheni yenye pingili 124 na gurudumu la krenki lenye meno 20. Kila mizunguko miwili ya krenki cheni husogea pingili 40. KDS ya 40 na 124 ni 1,240. Gawa kwa 40 upate 31, yaani rangi zitakutana tena na alama zote baada ya krenki kuzunguka mara 62. Mwanafunzi anayeuliza KDS ina faida gani maishani amepata jibu lenye grisi.

Ziara ya gereji ifanywe baada ya vipindi hivi, wala si kabla, ili wanafunzi waende wakiwa na maswali. Mwalimu apatane na fundi mapema: waya wa betri uwe umefunguliwa, pasiwe na chombo cha petroli kilicho wazi, na mkono wa mtoto usiguse puli wala cheni. Wanafunzi wamsalimu fundi kwa heshima na wamwite kwa jina la kazi yake. Maneno atakayoyatumia wayaandike kama alivyoyatamka, hata kama kitabu kina jina jingine.

Kwa zoezi la kumalizia, lipewe darasa gari la pili. Alama zimehakikiwa kwa mkono na ziko sawa, stata inazungusha kwa mapigo, hakuna kikohozi, na plagi zikitolewa ni kavu, hazinuki petroli. Kila kundi liandike swali moja tu ambalo lingeliuliza kwanza, pamoja na sababu yake, kabla mwalimu hajaifungua karatasi iliyo mfukoni.