Mtoto Mgonjwa: Aende Shule au Abaki Nyumbani?

Kila asubuhi wazazi wengi wa Ujiji, Gungu, Katonga na Kibirizi hukabiliwa na swali dogo kwa sura lakini zito kwa maana. Mtoto ameamka akilalamikia kichwa au tumbo, au mwili wake una joto. Je, avae sare aende shule, ama abaki nyumbani? Aghalabu jibu hutolewa kwa haraka, na huamuliwa na shughuli za mzazi wala si na hali ya mtoto. Yafaa tulijadili, kwa kuwa jibu lisilo sahihi huweza kumpoteza mtoto mmoja au kuambukiza darasa zima.

Si haki kuwalaumu wazazi kabla ya kuzitazama shida zao. Katika siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wetu hukesha ziwani na taa zao wakivua dagaa, na kunapopambazuka akina mama wamo mwaloni wakinunua na kuanika. Nani atabaki na mtoto? Tena ipo Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, inayomlazimu mzazi kuhakikisha kuwa mtoto wake anahudhuria masomo. Sheria hiyo ni njema, na wengi wetu tu matunda ya juhudi za miaka ile. Lakini haikutungwa ili mtoto mwenye homa aburutwe hadi darasani.

Tuanze na homa. Utafiti wa malaria uliofanyika nchini mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Kigoma karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne wa umri wa chini ya miaka 5 alikuwa na vimelea vya malaria, kiwango kilichopita cha mikoa mingine yote. Kwa hiyo homa ya mtoto wa hapa si jambo la kuahirishwa hadi kesho. Wapo wazazi wanaompa mtoto kidonge cha kutuliza joto alfajiri, wakamwona amechangamka, wakamtuma shule. Ifikapo saa nne joto limerudi, naye amelala juu ya dawati. Mtoto huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidoleni tu, na majibu hupatikana katika muda wa dakika 20 hivi. Akipatwa na degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa au akilegea asiweze kukaa, akimbizwe hospitali bila kupitia kwa mganga wa kienyeji, maana malaria kali huweza kuua kwa siku moja au mbili. Arejee darasani homa ikiwa imekwisha kwa saa 24 bila ya kusaidiwa na dawa ya kuteremsha joto.

Pili ni kuhara na kutapika. Mkoa wetu haujasahau Mei 2015, wakati kipindupindu kilipozuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliofurika katika kijiji cha Kagunga, ambao wengi wao walisafirishwa kwa meli ya Liemba hadi mjini Kigoma. Watu zaidi ya 3,000 waliugua, na wapatao 30 walifariki. Ugonjwa huo hupita katika kinyesi, maji na mikono. Na choo cha shule hutumiwa na mamia ya watoto. Basi anayeharisha abaki nyumbani hadi zipite siku 2 tangu hali hiyo ikome. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yakikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa ichanganywe na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Akihara maji kama ya mchele, asicheleweshwe hata saa moja.

Tatu ni maradhi ya upele na macho. Mwenye surua akae nyumbani siku 4 tangu upele utokeze. Mwenye tetekuwanga, mpaka vipele vyote vikauke. Mwenye macho mekundu, yaliyoenea nchini Januari 2024, mpaka yaache kutoa uchafu. Upele usiofahamika uonyeshwe kwanza kwa wauguzi, kwani mpox, iliyokuwa imeenea ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, ilithibitishwa hapa Tanzania Machi 2025.

Hata hivyo, si kila ugonjwa humfungia mtoto nyumbani. Mafua mepesi yasiyo na homa, mapunye, minyoo na kichocho, kinachopatikana katika maji ya mwambao wetu, vyatakiwa kutibiwa, lakini havizuii masomo. Naye mtoto ambaye tumbo humuuma kila Jumatatu asipigwe kwa kudhaniwa mvivu. Aulizwe. Huenda anaogopa fimbo, au wakubwa wanaomwonea njiani.

Kuna dhuluma nyingine isiyosemwa. Mdogo akiugua, mara nyingi dada yake wa miaka 10 huzuiwa shule ili amlee. Ugonjwa mmoja umewaondoa darasani watoto wawili, na wa pili ni msichana mzima wa afya. Akina mama wa mwaloni waweza kupeana zamu, mmoja akabaki na wagonjwa huku wenzake wakimwanikia dagaa wake. Mabalozi wa mashina na wajumbe wa serikali za mitaa wana wajibu wa kulisimamia jambo hili.

Walimu nao wasimwadhibu mtoto anayerudi kutoka kitandani. Wamsaidie kunakili masomo yaliyompita. Na yanayohusu shule yanahusu madrasa pia, ambako watoto huketi bega kwa bega juu ya mkeka mmoja. Asiseme mtu kwamba kujikinga ni kuikimbia kadari. Khalifa Umar bin Khattab, aliposikia njiani kuwa tauni imeingia Sham, aliwarudisha watu wake, akaeleza kuwa wanatoka katika kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na wananchi walikusanyika vijijini kusikiliza redio na kujadiliana namna ya kujikinga na maradhi. Walichojifunza wakati ule hakijapitwa na wakati. Mzazi amwangalie mtoto wake kabla hajamvika sare: amguse paji la uso, amtazame macho na ngozi, amuulize amelalaje na amekwenda choo mara ngapi. Siku 3 za masomo zaweza kufidiwa kwa daftari la jirani. Uhai wa mtoto haufidiwi.