Snuka: Safari ya Asia kutoka kombe la ridhaa hadi ubingwa wa dunia

Mei 5, 2025, mjini Sheffield, Uingereza, Zhao Xintong wa China alimchapa Mark Williams wa Wales fremu 18 kwa 12 na kuwa bingwa wa dunia wa snuka. Hakuna Mwasia aliyewahi kulibeba kombe hilo kabla yake.

Kilichoshangaza zaidi ni kwamba Zhao, aliyekuwa na miaka 28, hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alianzia kwenye mchujo akiwa mchezaji wa ridhaa, akashinda mechi nne ndipo akaingia ukumbi wa Crucible. Mchezaji wa ridhaa kutwaa ubingwa huo? Haijawahi kutokea.

Lakini mlango aliopita Zhao haukufunguka kwa siku moja. Asia ilianza kuusukuma rasmi mwaka 1984, yalipoanza mashindano ya ridhaa ya bara hilo.

Mchezo ulizaliwa wapi?

Wengi wanajua snuka ni mchezo wa Waingereza. Kumbe ulizaliwa Asia.

Ilikuwa 1875 huko Jabalpur, India. Maofisa wa jeshi la Uingereza walikuwa wakiua muda kwa michezo ya mezani, na mmoja wao, Neville Chamberlain (siyo yule aliyekuja kuwa waziri mkuu), akaongeza mipira ya rangi mbalimbali kwenye mchezo uliokuwepo. Jina "snuka" lilikuwa utani wa kijeshi, wakimwita hivyo mwanafunzi mgeni asiyejua kitu.

Sheria zikawekwa sawa kwenye klabu ya maofisa huko Ooty, kusini mwa India. Kisha mchezo ukasafiri kwenda Uingereza, na mwaka 1927 Joe Davis akawa bingwa wa kwanza wa dunia.

Piga hesabu: kutoka 1927 hadi 2025 ni miaka 98. Bara lililozaa mchezo lilisubiri karibu karne nzima.

Snuka siyo pool

Kama umezoea meza ya pool ya mtaani, usichanganye. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mashimo yake yanabana. Kuna mipira 22: mweupe wa kupigia, myekundu 15 na sita ya rangi nyingine.

Ukitumbukiza mwekundu unapata pointi 1, kisha unachagua wa rangi. Wa njano una pointi 2, mweusi una 7. Mwekundu ukishaingia haurudi. Wa rangi unarudishwa mezani hadi myekundu yote iishe, halafu nao wanamalizwa kwa mpangilio.

Ukioanisha kila mwekundu na mweusi, ukamaliza meza bila kukosa, unapata 147. Hiyo ndiyo alama ya juu kabisa kwa mkupuo mmoja katika hali ya kawaida.

1984: Asia yajipanga

Kabla ya hapo, kijana wa Bangkok au Mumbai mwenye kipaji alikuwa na tatizo la wazi. Mashindano makubwa yako Uingereza, wanaoamua nani anaingia wako Uingereza, na yeye hajulikani huko.

Shirikisho la bara la michezo hiyo likaja na dawa: mashindano ya Asia, ambapo nchi zinapeleka wachezaji wao wa ridhaa wapambane wenyewe kwa wenyewe. Anayeshinda hapo hawezi tena kuitwa bingwa wa mtaani kwao tu.

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1988, James Wattana wa Thailand alikuwa bingwa wa Asia, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa. Alipoingia kwenye mashindano ya kulipwa alipanda hadi nafasi ya tatu kwa ubora duniani, na mara mbili, 1993 na 1997, alifika nusu fainali ya ubingwa wa dunia. Thailand nzima ikaanza kufuatilia snuka.

India nayo haikubaki nyuma. Yasin Merchant alitwaa ubingwa wa Asia mwaka 1989, akaurudia 2001.

Kijana wa miaka 15

Mwaka 2002 kombe lilienda kwa Ding Junhui wa China. Umri wake? Miaka 15. Mwaka huohuo alibeba pia ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 21.

Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 2005, akiwa na miaka 18 tu, alimfunga Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba, 9 kwa 5 katika fainali ya China Open jijini Beijing. Mamilioni ya Wachina walimtazama kwenye televisheni, na watoto wengi wakashika fimbo kwa sababu yake.

Ding alikaribia kuvunja mwiko. Mwaka 2016 alifika fainali ya dunia, akafungwa na Mark Selby 18 kwa 14. Miaka tisa baadaye, Zhao akamaliza kazi.

Tiketi bila nauli

Hapa ndipo penye shida. Katika misimu mingi, bingwa wa Asia amekuwa akizawadiwa kadi ya kucheza mashindano ya kulipwa kwa miaka miwili. Inasikika vizuri, lakini kadi hiyo haina nauli wala pango ndani yake.

Mashindano mengi yako Uingereza. Mchezaji anatakiwa apate viza, ahamie huko, alipe chumba, alipe meza ya mazoezi. Halafu kipato chake kinategemea ushindi. Ukitolewa mapema, unaweza kuondoka mikono mitupu.

Muulize Hamza Akbar wa Pakistan. Mwaka 2015, jijini Kuala Lumpur, alimfunga nyota wa India, Pankaj Advani, fremu 7 kwa 6 na kuwa bingwa wa Asia. Kadi akapata. Lakini matatizo ya viza na pesa yalimchelewesha, na sehemu ya msimu wake wa kwanza ikapita bila yeye kucheza.

Afrika nayo ina mashindano yake ya bara, na yenyewe yamewahi kuwapeleka mabingwa kwenye kulipwa, akiwemo Amine Amiri wa Morocco mwaka 2020. Umbali wa kwenda Uingereza ni uleule, na gharama ni zilezile.

Basi Zhao alipitaje?

Zhao hakupitia kombe la Asia. Ila naye alipikwa kwenye ridhaa: mwaka 2013 alifika fainali ya dunia ya ridhaa na kufungwa na Mchina mwenzake, Zhou Yuelong. Akaingia kwenye kulipwa 2016.

Kisha akaanguka. Alifungiwa miezi 20 baada ya kukiri kubeti na kuhusika katika mechi mbili zilizopangwa na mchezaji mwingine, ingawa mechi zake mwenyewe hakupanga. Aliporudi hakuwa na kadi, ikabidi aanze upya na wa ridhaa.

Tofauti yake na Hamza ni kwamba alitokea China, ambako tangu enzi za Ding kuna kumbi, makocha na wadhamini. Kipaji walikuwa nacho wote wawili. Kombe la bara linaweza kumfungulia kijana mlango, ila nani wa kumlipia nauli, hilo linabaki kwa nchi anayotoka.