Ramani ya dunia inayotembelewa kwa miguu

Mtoto akitazama ramani ya dunia ukutani, mara nyingi huona Greenland na Afrika zinakaribiana kwa ukubwa. Ukweli ni kwamba Afrika inaizidi Greenland karibu mara 14. Mwalimu hana kosa. Ramani nyingi za ukutani zinafuata mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliowafaa mabaharia, ambao hukuza nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Mtoto hukua akidhani bara lake ni dogo kuliko lilivyo.

Kumweleza kwa mdomo ni kazi. Kumtembeza ni rahisi zaidi.

Huko Klejtrup, Denmark, bwana mmoja aitwaye Søren Poulsen alianza mwaka 1944 kujenga ramani ya dunia ndani ya ziwa, kwa mawe na udongo. Majira ya baridi ziwa lilipoganda, aliyaweka mawe juu ya barafu, kisha barafu ikiyeyuka yakazama mahali pake. Kazi ilimchukua miaka 25. Ramani ina mita 45 kwa 90, na familia hutembea juu yake kutoka nchi hadi nchi.

Sentimita 27 pale ni sawa na kilomita 111 za dunia. Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa kipimo hicho, kutoka kusini hadi kaskazini Denmark yenyewe haifiki mita moja. Mtu mzima anaivuka kwa hatua moja. Tanzania, kutoka mpaka wa Uganda hadi Mto Ruvuma, ni karibu mita 3. Greenland ni mita 6 na nusu hivi. Afrika inapita mita 19. (Upande wa mashariki na magharibi bado kuna udanganyifu kidogo, maana dunia ni mviringo na haikubali kulazwa chini.)

Mzazi hahitaji ziwa. Rula, chaki na uwanja wa nyumba vinatosha kuchora Tanzania na majirani zake. Mtoto asimame Dar es Salaam, akisie Cairo iko wapi, kisha mzazi apime mita 10 kuelekea kaskazini. Huenda wakatoka nje ya geti.

Ila viatu vivuliwe kwanza. Kandambili moja inafuta nusu ya Rwanda.